Mzee hapati choo, na nyumbani hakuna anayemuuliza

Mzee wa nyumbani huulizwa mengi kila asubuhi. Ameamkaje, usingizi ulikuja, miguu bado inawaka moto, dawa ya presha ameshameza. Swali moja huwa halimo: choo amepata lini? Hilo husubiri mpaka aanze kusukuma sahani pembeni, tumbo limjae na kuwa gumu, au akutwe msalani amekaa nusu saa jasho likimtiririka. Hapo mtu hukimbilia duka la dawa, hurudi na vidonge vya kuharisha, mzee hukesha akiingia na kutoka, na kesho yake watu husema amepona. Baada ya wiki moja hali ni ileile.

Niseme mapema ninachoamini baada ya kulifuatilia jambo hili kwa muda mrefu: uzee peke yake haumfungi mtu choo. Ni kweli utumbo hupunguza mwendo kidogo kadiri umri unavyokwenda, na misuli ya tumbo na nyonga hulegea, hasa kwa mama aliyezaa mara nyingi. Lakini kinachowafunga wazee wengi kimo ndani ya nyumba zao: dawa wanazomeza, choo wasichokiweza, maji wanayojinyima, na chakula kilichobadilika tangu meno yalipoisha. Yote hayo tunaweza kuyarekebisha, tena mengi bila gharama kubwa.

Madaktari hawahesabu siku tu. Watu wazima wenye afya njema wanatofautiana. Yupo anayekwenda haja kubwa mara tatu kwa siku, na yupo anayekwenda mara tatu kwa wiki, na wote hawana ugonjwa. Kufunga choo huitwa sugu kunapodumu miezi mitatu au zaidi: mtu haendi hata mara tatu kwa wiki, au anakwenda lakini kwa kujikamua, kinachotoka ni vipande vikavu, kile ambacho mitaani huitwa choo cha mbuzi, na akiinuka anahisi kingine kimebaki. Mwaka 1997 Stephen Lewis na Ken Heaton wa mjini Bristol, Uingereza, walichapisha chati ya michoro inayogawa choo katika aina saba, kuanzia vipande vigumu hadi maji matupu. Aina ya kwanza na ya pili ndizo za aliyefunga choo. Chati hiyo inafaa sana kwa mzee mwenye haya, kwa sababu huweza kuonyesha kwa kidole bila kutamka neno.

Na haya ipo, tena ya haki. Mkwe wa kike hawezi kumfuata baba mkwe akamuuliza habari za choo. Hata kumtazama usoni kuna mipaka yake. Mtoto wa kiume hushindwa kumuuliza mama yake. Ndiyo maana naona familia ichague mtu mmoja wa kuuliza, na mara nyingi anayefaa ni mjukuu. Kati ya bibi au babu na mjukuu kuna utani ulioruhusiwa tangu zamani. Mjukuu anaweza kuingia chumbani, akatoa shikamoo, akakaa kitandani na kusema, “Bibi, tumbo hilo umelijaza nini, mbona hulipunguzi?” Bibi atacheka, atamfukuza, kisha atasema ukweli. Kwa asiye na mjukuu karibu, muuguzi wa kliniki anaweza kuuliza, mradi ndugu wasiwe wamejazana chumbani.

Baada ya kuuliza, fungua mfuko wa dawa.

Kila mzee anayehudhuria kliniki anao, mara nyingi ni mfuko wa nailoni unaoning'inia kwenye msumari au umewekwa chini ya mto. Mimina vilivyomo kitandani. Utakuta nifedipini au amlodipini ya presha; hizi hulegeza misuli ya mishipa ya damu, na misuli ya utumbo nayo huweza kulegea. Utakuta dawa ya kukojoza, inayotoa maji mwilini na wakati mwingine huondoka na madini ya potasiamu ambayo utumbo unayahitaji ili ujongee. Utakuta vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, ambavyo hufanya choo kiwe cheusi na kigumu. Mwenye kisukari anayelalamika ganzi na moto miguuni huenda amepewa amitriptilini, na hiyo hukausha mdomo na utumbo kwa pamoja. Vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi hufanya vivyo hivyo. Dawa za kutuliza kiungulia zenye aluminiamu zimo pia. Chini kabisa ya mfuko, mara nyingi bila cheti, kuna tramadoli ya maumivu ya mgongo na magoti, iliyonunuliwa dukani kwa sababu ilimsaidia jirani.

Moja tu kati ya hizo mzee anaweza kuihimili. Zikiwa nne au tano kwa pamoja, utumbo hulala. Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa hizi mara nyingi huandikwa na watu tofauti, katika kliniki tofauti, na kila mmoja ameangalia kiungo chake. Hakuna aliyeitazama orodha nzima. Dawa ya presha isiachwe kwa uamuzi wa nyumbani, maana kiharusi ni kibaya kuliko choo kigumu. Lakini daktari akiambiwa, mara nyingi ana dawa nyingine ya kubadilisha. Kwa dawa za jamii ya mofini, wanazopewa wagonjwa wa saratani kama wale wanaotibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, kanuni ni wazi: dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile mofini inapoanza. Mwili huizoea mofini kwa mambo mengi, ila kwa kufunga choo hauizoei.

Yapo pia maradhi yanayojificha nyuma ya choo kigumu. Kisukari cha miaka mingi huharibu neva za utumbo. Tezi ya shingo ikipunguza kazi, mtu husikia baridi, huchoka, hunenepa na kufunga choo. Ugonjwa wa Parkinson unaweza kuanza kwa kufunga choo miaka kadhaa kabla mkono haujaanza kutetemeka. Na mzee aliyefiwa na mwenzake, aliyejifungia ndani bila kula wala kutembea, utumbo wake nao husinyaa pamoja naye.

Sasa twende uani, kwenye choo chenyewe, maana naona hapo ndipo penye kosa kubwa linalosemwa kidogo kuliko yote.

Chukulia nyumba ya wapangaji ya Manzese, Dar es Salaam, au ya Majengo kule Mombasa. Choo ni kimoja, cha tundu, kiko mwisho wa ua. Alfajiri kuna foleni: wanafunzi, mama wa vitumbua, kijana wa bodaboda. Sakafu imelowa maji ya kuogea na ina utelezi wa sabuni. Ukuta ni mtupu, hakuna pa kushika. Taa haiwaki. Mlango unafungukia ndani, hivyo mtu akianguka nyuma yake hawezi kutolewa haraka. Bibi mwenye magoti yaliyokwisha anaweza kuchuchumaa. Kuinuka ndiko kunakomshinda. Aliwahi kunasa pale mara moja, akaita mpaka mtu akaja kumwinua akiwa hajajisitiri. Tangu siku ile amejifunza kubana.

Kubana ndiko kunakojenga ugonjwa. Utumbo mpana kazi yake kubwa ni kunyonya maji. Choo kikikaa humo siku mbili zaidi ya desturi, hunyonywa mpaka kikawa kikavu kama kokoto, na kukitoa kunauma. Kwa sababu kinauma, mzee anazidi kubana. Njia ya haja kubwa nayo huzoea kujaa, ule msukumo wa kuhitaji kwenda hufifia, na baada ya miezi mtu hasikii tena haja inapomjia.

Huyohuyo anajinyima maji. Kiu yenyewe hupungua kwa umri, na juu ya hilo babu mwenye tezi dume anaogopa kuamka mara nne usiku, na bibi ambaye mkojo humponyoka anaogopa kulowesha nguo mbele za wageni. Basi wanakunywa kikombe cha chai asubuhi na kingine jioni. Dawa yake ni kupanga saa: maji mengi yanywewe kati ya asubuhi na alasiri, yapungue baada ya magharibi. Mwenye moyo uliochoka au figo mbovu afuate kipimo alichopewa na daktari wake, asiongezewe maji kwa huruma. Mwezi wa Ramadhani, mzee asiyeweza kufunga ana ruhusa ya kulisha maskini badala yake. Anayefunga kwa ridhaa ya daktari anywe maji kidogo kidogo tangu futari hadi daku, asiyabugie yote kwa mkupuo mmoja.

Kukarabati choo hakuhitaji mradi. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti imara kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya tundu, na mzee akakaa badala ya kuchuchumaa. Bomba la chuma likifungwa ukutani kwa saruji huwa pa kushika. Sakafu ikipigwa plasta ya kukwaruza haitelezi. Bawaba zigeuzwe mlango ufungukie nje. Usiku, kiti kilekile kikiwekewa ndoo yenye mfuniko chumbani kinaondoa safari ya uani. Kwenye nyumba zenye choo cha kukaa, mzee awekewe kigoda chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga, ainame mbele kidogo na viwiko vikae mapajani. Kuna msuli unaoizunguka njia ya haja kubwa kwa nyuma na kuikunja. Mkao huo unaulegeza na njia inanyooka. Ndiyo faida ya kuchuchumaa, na mwenye magoti mabovu anaipata akiwa amekaa.

Saa nayo ina maana. Chakula kikiingia tumboni, hasa cha asubuhi, utumbo mpana huamka na kusukuma. Mzee apelekwe chooni ndani ya nusu saa baada ya kifungua kinywa, kila siku, haja iwe imemjia au haijamjia, akae dakika kumi bila kuharakishwa na bila kujikamua. Kujikamua kwa nguvu humletea bawasiri, hupandisha na kushusha presha ghafla, na wengine huzimia palepale. Kwa mzee aliyelala kitandani, pampasi isigeuzwe sababu ya kutomketisha tena. Nimeona wazee wanaoweza kukaa wakiachwa na pampasi mchana kutwa kwa sababu ni rahisi kwa mtunzaji. Mtu hawezi kujisaidia vizuri akiwa amelala chali, na mwenye utu wake hukataa kabisa.

Kuhusu chakula, Afrika Mashariki ina historia ambayo wengi wetu hatuijui. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifanya kazi Uganda kwa takriban miaka 20, sehemu kubwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Dunia inamkumbuka kwa saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Lakini yeye na Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi Kenya na Uganda, walishangazwa na jambo jingine: wagonjwa wa vijijini karibu hawakuwa na bawasiri, kidole tumbo wala saratani ya utumbo mpana, maradhi yaliyojaza wodi za Uingereza. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya choo. Wanavijiji wa Uganda walitoa takriban gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa muda wa saa 36 hivi. Waingereza waliopimwa walitoa gramu 100 na kitu, na chakula kilichukua zaidi ya saa 80. Burkitt alisema tofauti imo kwenye nyuzinyuzi za chakula. Baadhi ya hitimisho lake limerekebishwa na tafiti za baadaye, lakini juu ya choo alikuwa sahihi.

Wanavijiji hao ni kizazi cha babu zetu. Sisi tukaenda kinyume. Mahindi tukayapeleka mashineni kukobolewa, pumba tukawapa kuku, tukabaki na sembe nyeupe. Na mzee aliyekosa meno ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu kila kinachotafunwa huondolewa kwenye sahani yake: maharage magumu, mboga zina nyuzi, chungwa linamshinda. Anabaki na wali mweupe, mkate wa kuchovya chai na uji wa sembe, vyakula vyenye nyuzinyuzi kidogo mno.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2023 kwamba mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinatoa zaidi ya gramu 10. Kwa asiye na meno, pika maharage, kunde au choroko mpaka yalainike kisha uyaponde na supu yake. Uji uwe wa dona au ulezi. Mlenda na bamia huteleza zenyewe. Mchicha na matembele yakatwe madogo. Papai bivu, parachichi, embe na tende zilizolowekwa havihitaji meno. Ongeza taratibu kwa majuma kadhaa, ama sivyo gesi itamtesa na atasusa. Na hapa kuna tahadhari moja muhimu: mzee aliyelala kitandani, anayekunywa maji kidogo na tayari ameziba, asilishwe pumba kwa wingi. Zitamziba zaidi.

Haluli, yaani dawa ya kuharisha, ina historia ndefu pwani. Sanamaki iliyochemshwa, mafuta ya mbarika, chumvi ya haluli, mshubiri, na kupigwa bomba kwa maji ya sabuni. Wazee wengi wamekulia humo. Sanamaki ni dawa kweli, na viini vyake ndivyo vilivyomo kwenye baadhi ya vidonge vya hospitali. Shida ni kwamba kwenye sufuria hakuna anayejua kipimo. Chumvi ya haluli ina magnesiamu, na figo za mzee zinaweza kushindwa kuitoa. Maji ya sabuni huchubua utumbo. Wanaouza dawa za kusafisha tumbo stendi za mabasi na redioni husema uchafu uliobaki hugeuka sumu inayoingia kwenye damu. Hoja hiyo ni kongwe. Mwanzoni mwa karne ya 20, Sir William Arbuthnot Lane, mpasuaji mashuhuri wa Hospitali ya Guy's jijini London, aliiamini kiasi cha kuwakata wagonjwa utumbo mpana kwa sababu ya kufunga choo tu. Sumu hiyo haikuthibitishwa kamwe. Lane mwenyewe baadaye alianzisha chama, mwaka 1925, cha kuwahimiza watu kula mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa.

Hospitali ina dawa salama zaidi. Laktulozi na makrogoli huvuta maji kwenye choo. Laktulozi huchukua siku moja hadi tatu, kwa hiyo isiachwe baada ya usiku mmoja kwamba haifanyi kazi. Bisakodili huamsha misuli ya utumbo baada ya saa 6 hadi 12, ndiyo maana humezwa usiku. Kuna wazee watakaohitaji dawa hizi kwa miaka, na chini ya uangalizi wa daktari si aibu wala si ulevi.

Kuna hali moja inayowapoteza wengi. Mzee hajapata choo siku nane, kisha ghafla nguo zinachafuka: maji maji yenye harufu kali, kidogo kidogo, mara kumi kwa siku, na hawezi kuyazuia. Familia husema anaharisha na hununua dawa ya kufunga. Kumbe njia imezibwa na donge gumu, na kinachotoka ni maji yanayopenya pembeni mwake. Dawa ya kufunga inaongeza ubaya. Mzee wa namna hiyo huweza pia kuanza kuweweseka, kuwakosea watu majina, au mkojo ukaziba, na wengine hudhani amerogwa au akili imeondoka. Daktari hugundua kwa kumpima kwa kidole, kipimo cha dakika moja. Mkikutana na hali hii, msinunue chochote, mpelekeni akapimwe.

Na mambo yafuatayo yasisubiri miadi. Tumbo lililovimba na kuuma, hewa haipiti, na mzee anatapika: huenda utumbo umejisokota, hali inayowapata watu wengi ukanda wetu, na inahitaji upasuaji siku hiyohiyo. Mtu wa namna hiyo kumpa haluli ni kumhatarisha. Damu kwenye choo isiitwe bawasiri kabla ya vipimo. Kukonda bila sababu, kupungukiwa damu, au choo kubadilika ghafla kwa mtu aliyevuka miaka 50 ambaye zamani hakuwa na shida, vyote vinahitaji uchunguzi wa utumbo kwa kamera, kwa sababu saratani ikikutwa mapema hutibika.

Tarehe ya kliniki ijayo ikifika, msiende na kadi peke yake. Bebeni mfuko mzima wa dawa, pamoja na zile za dukani na za miti shamba. Mwambieni daktari mzee anapata choo mara ngapi kwa wiki na kikoje, kisha mwombeni apitie dawa moja baada ya nyingine. Na kama choo cha nyumbani hakina pa kushika, mwiteni fundi kabla ya tarehe hiyo.